Sinema Inataka Mdomo

Zamani za ukoloni, katika Kongo ya Wabelgiji, filamu ya kuonyeshwa Waafrika ilipaswa kupita kwanza mbele ya kamati ya ukaguzi. Wazungu walikuwa na sinema zao mjini. Sisi tulipata zilizochujwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia serikali ikaanza kutengeneza filamu za kwetu peke yetu, na pamoja nazo ikaja elimu ya ajabu. Wataalamu waliandika kwamba jicho la Mwafrika haliwezi kufuata picha zinazobadilika upesi. Basi mpiga picha akaambiwa aende taratibu. Mtu akitoka nyumbani kwenda zahanati, aonyeshwe akifunga mlango, akitembea njia nzima, akifika, akibisha hodi. Asirukishwe hata hatua moja, maana watazamaji watapotea.

Elimu hiyo inanijia kichwani kila ninapokaa na wazee wenzangu hapa Bagira, mjini Bukavu, jioni, tukingoja umeme urudi. Malalamiko yetu hayabadiliki: mtoto wa leo hawezi kutazama filamu ya saa moja na nusu. Anaanza, dakika ya tatu amepitisha kidole kwenye simu, amehamia kwa mtu anayecheza dansi, kisha kwa mhubiri, kisha kwa mama anayepika, kisha anacheka peke yake na sisi hatujui anacheka nini. Macho yameharibika, tunasema. Yaani sisi tulihukumiwa kuwa na macho mazito, na leo tumekalia kiti cha hakimu tunawahukumu wajukuu wetu kwa macho mepesi. Ile hukumu ya kwanza sikuikubali, na hii ya pili siikubali. Mtoto anayefuata mechi ya Ligi ya Mabingwa dakika 90 pamoja na nyongeza, bila hata kwenda kukojoa, hana ugonjwa wa macho.

Tuliokulia Bagira tuna sababu ya kulijua jambo hili kuliko wengine. Bagira yenyewe ilijengwa wakati ule wa filamu za taratibu. Ofisi ya miji ya Waafrika, ile OCA iliyoundwa mwaka 1952, ndiyo iliyopanga nyumba zetu kwa safu juu ya kilima, kila kartie na herufi yake, ili wafanyakazi wa mji wawe na mahali pa kulala mbali na Wazungu wa Ibanda. Sinema ilitupandia huku huku. Mapadre Weupe walikuwa na kazi yao ya filamu hapa Bukavu, iliitwa Africa Films, na Padre De Vloo ndiye aliyeiongoza. Kutoka Kasai zilikuja zile za Matamata na Pilipili, alizozitengeneza Padre Albert Van Haelst, mnene na mwembamba wakiangukiana kwa mtindo wa Laurel na Hardy.

Mashine ilikuwa ya milimita 16. Iliwekwa juu ya meza ya shule, miguu ya meza imetiwa vijiti chini ili isiyumbe, na shuka jeupe limefungwa ukutani. Mimi sikuwa natazama shuka tu. Nilikuwa napenda kukaa nyuma, karibu na mashine, nione yale meno madogo yakiingia katika matundu ya utepe na kuuvuta, picha 24 kwa kila sekunde, na nisikie joto la taa likichoma vipepeo. Nimefanya ufundi wa mashine maisha yangu yote katika kiwanda cha bia, na naamini ugonjwa huo ulinianzia pale. Utepe ukikatika, fundi alikwangua ncha mbili kwa wembe, akapaka gundi yenye harufu kali, akazibana, akahesabu kimoyomoyo, kisha tukaendelea. Na hata usipokatika, roli moja ya futi 400 haizidi dakika 11 hivi. Roli ikiisha, taa inawashwa, na kabla roli ya pili haijafungwa kila mtu amekwisha kusema lake. Kwa nini mwanamke yule amekataa mahari? Yule mbwa ni wa nani? Nusu ya sinema tuliitengeneza sisi wenyewe katika mapumziko yale.

Halafu kulikuwa na msemaji. Filamu nyingi hazikuwa na maneno ya kueleweka kwetu, kwa hiyo mtu mmoja, mara nyingi katekista au karani mwenye sauti, alisimama kando ya mashine na kutueleza tunachokiona. Aliambiwa atafsiri. Yeye alifanya zaidi. Ile njia ndefu ya kwenda zahanati, iliyowekwa kwa heshima ya macho yetu mazito, msemaji wetu aliijaza maneno. Alimpa mgonjwa jina la jirani tunayemjua sote. Akasema anatembea polepole vile kwa sababu ana deni katika kila duka analopita, anachagua upande wa barabara. Watu wakaanguka kwa kicheko, na padre, aliyejua Kiswahili cha kutosha kuungamisha watu lakini si cha kufuata utani, akatabasamu akidhani somo la afya limeingia. Ule upole wa picha uliokusudiwa kutudharau ukawa nafasi ya mdomo wetu.

Uhuru ulipofika mwaka 1960, kamati ya ukaguzi ikatoka na wenyewe, na picha za haraka zikaingia bila pasipoti. Kule Léopoldville vijana walikuwa wameshaanza tangu miaka ya 1950 kujiita Bills, kwa jina la Buffalo Bill, wakivaa na kutembea kama wachunga ng'ombe wa Marekani, jambo ambalo lingewaaibisha wataalamu wa macho kama wangekuwa watu wa kuona aibu. Huku kwetu tulikuja kumjua Django, tukamjua Trinita na mwenzake mnene, na miaka ya 1970 akaja Bruce Lee akafunga mjadala. Sikupata kuona kijana wa Bukavu aliyepotea njia kwa sababu Bruce Lee alirusha teke bila kuonyesha kwanza alivyofunga kiatu.

Kumbi ndizo zilizopotea. Zairianisation ya tarehe 30 Novemba 1973 ilichukua biashara za wageni ikawapa watu wengi ambao walijua kula biashara kuliko kuifanya, na katika nchi nzima sinema zilianza kukosa vipuri, kisha filamu, kisha watu. Nyingine leo ni makanisa. Sina la kuongeza hapo. Viti angalau vimebaki na kazi.

Zikaja mashine za video. Kijana mwenye televisheni, jenereta na benchi sita alikuwa na sinema yake, na watoto walitoroka shule kwenda ku video kama sisi tulivyotoroka sala ya jioni. Na hapo, katika kibanda chenye moshi wa mafuta, msemaji akarudi. Filamu ni ya Hong Kong, sauti ni ya Kiingereza, watazamaji ni wa mtaa wetu wa Kadutu: nani ataunganisha? Kijana alishika mikrofoni, akapunguza sauti ya filamu, akaanza. Adui alipewa jina la mtoza kodi wa soko. Polisi wa China walidai rushwa kwa Kiswahili chetu. Wakati uleule, bila sisi kujua, mambo hayo yalikuwa yanatendeka kotekote: Dar es Salaam alikuwapo Lufufu, Kampala akatokea VJ Jingo, Nairobi akaja DJ Afro, ambaye sauti yake leo imo katika simu za vijana wa Bagira wasiojua hata Nairobi iko upande gani wa Ziwa Victoria. Wanaingiza filamu kwenye fleshi, wanatazama iliyosemewa, na iliyo wazi bila msemaji wanaiona haina chumvi. Nikiwaambia kwamba kazi hiyo ilifanywa na katekista katika ua wa shule kabla baba zao hawajazaliwa, wananitazama kama ninayedai kwamba niligundua moto.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kama filamu za zamani zina thamani kuliko hivi vipya vya simu, namwambia ameshika jambo upande usio na mpini. Filamu haipati thamani kwa kuzeeka. Tuliona nyingi mbovu sana, na nyingine zilitengenezwa makusudi ili tujione wadogo. Hata Matamata na Pilipili, niwapendavyo, ukiwatazama leo kwa makini unaona mara nyingi tunachekeshwa na mtu mweusi anayeshindwa kuwa mzungu. Filamu ya zamani inaanza kuwa mali pale mtu aliyekuwapo anapokaa kando yake na kufungua mdomo. Bila huyo, ni watu wasiojulikana wanaopita mbele ya nyumba zisizojulikana.

Chukua filamu za kikoloni zenyewe. Nyingi ziko Ubelgiji, zimetunzwa vizuri kuliko zinavyoweza kutunzwa hapa kwenye unyevu wa ziwa: ziko Cinematek ya Brussels, na makumbusho ya Tervuren. Mwaka 2010 Cinematek ilitoa hata DVD, Belgisch Congo Belge, yenye kazi za watengeneza filamu Genval, Cauvin na De Boe. Cauvin ndiye aliyemfuata mfalme Baudouin alipozunguka Kongo mwaka 1955 na kutengeneza Bwana Kitoko. Ukitazama katikati ya picha za namna hiyo utaona alichotaka uone: mfalme kijana, mavazi meupe, bendera. Tazama pembeni. Pembeni kuna mama amefunga kitambaa kwa namna ambayo haifungwi tena. Kuna mtoto amebeba kitu ambacho mhifadhi wa Tervuren, pamoja na shahada zake, hawezi kukitaja. Kuna mti uliokatwa. Mpiga picha hakulipwa kwa ajili ya pembeni. Pembeni ni mali yetu, na anayeweza kuisoma ni mtu wa miaka sabini na mitano mwenye presha, anayekaa Bagira, ambaye hakuna aliyemuonyesha picha hiyo.

Sasa nizungumze juu ya mtu wa hapahapa. Mweze Ngangura alizaliwa Bukavu mwaka 1950, akaenda kusomea sinema Ubelgiji, akarudi kufanya kazi Kinshasa. Wengi wanamjua kwa La Vie est belle ya mwaka 1987, aliyoifanya pamoja na Benoît Lamy, ambamo Papa Wemba ni kijana wa kijijini anayekuja Kinshasa kutafuta muziki. Wengine wanamjua kwa Pièces d'identités, iliyompa Farasi wa Dhahabu wa Yennenga kule Ouagadougou mwaka 1999. Mimi nampigia magoti kwa filamu isiyokuwa na Papa Wemba wala farasi: Le Roi, la vache et le bananier, ya mwaka 1994, hadithi ya kweli ya kurudi kwake katika ufalme wa Ngweshe, huku kwetu Bushi. Mfalme, ng'ombe, mgomba. Jina limekwisha kukwambia yote.

Fikiria tarehe hiyo. Kati ya mwaka 1994 na sisi wamepita wakimbizi wa Rwanda walioijaza Bukavu katika Julai ya mwaka uleule, vita vya 1996, vita vya 1998, mapigano ya Juni 2004, na mengine ambayo hatujamaliza kuyahesabu. Ng'ombe wa Bushi walisombwa na kila aliyekuwa na bunduki. Migomba nayo ilipatwa na mnyauko wa bakteria, ugonjwa ulioingia mashariki mwa Kongo mwanzoni mwa miaka ya 2000 kupitia Masisi na kushuka mpaka kwetu. Ukikata shina linatoa maji ya njano, na dawa yake ni kung'oa. Filamu haikuongezwa hata picha moja tangu siku ilipomalizika. Ni nchi ndiyo iliyokimbia ikaiacha imebeba ushahidi.

Mpwa wangu anayeishi Ubelgiji alinipatia filamu hiyo, na mjukuu wangu, aliyemaliza sekondari na anangoja kazi kama wenzake, ndiye aliyeiweka kwenye simu. Tuliegemeza simu kwenye sufuria. Dakika chache tu akaanza kujikuna.

"Koko, hii iko inaenda polepole sana."

"Ngoja."

"Aba batu banafanya nini?"

Hapo ndipo nilipojua kazi yangu. Nikaanza kusema. Nikamwambia habari za kasiksi, maana ameinywa bila kujua ilikotoka: kwamba ndizi mbivu hazinunuliwi sokoni, zinaivishwa shimoni chini ya majani, zinakamuliwa kwa nyasi mpaka maji yatoke yenyewe, kisha unga wa mtama uliokaangwa unatiwa na unaiacha ifanye kazi yake, na kwamba mtu aliyejenga ua bila migomba alihesabiwa kuwa anapita njia tu. Nikamwambia ng'ombe alikuwa na jina, na kwamba mahari ya bibi yake ilikuwa ng'ombe wenye majina, si bahasha. Akaniuliza majina. Nikamtajia. Filamu ilikuwa inakimbia, maneno yangu yanabaki nyuma, na mimi nilikuwa nakasirika kama msemaji aliyeachwa na mashine. Basi kijana akanyosha mkono, akagusa kioo, picha ikasimama.

Kidole kilekile tunacholalamikia! Kile kinachopitisha ndicho kilichosimamisha. Roli ikawa imeisha, taa imewashwa, tunaweza kuongea. Fundi wa milimita 16 asingethubutu kuusimamisha utepe mbele ya taa, ungeungua tundu katikati ya picha. Simu haiungui. Unaweza kumsimamisha ng'ombe mmoja robo saa mpaka umemaliza ukoo wake, ukamrudisha nyuma, ukambishia mke wako aliyeingia kutoka jikoni na kusema hapana, ng'ombe wa namna hiyo walikuwa wa upande wa Kabare. Filamu ya saa moja ilituchukua jioni nzima, na umeme ulipokatika tuliendelea kwa betri.

Kwa hiyo ninapowasikia wazee wakitaka vijana waache vyombo vipya warudi kwenye filamu za zamani, naona wanataka kuchoma nyumba ambamo filamu hizo zimehamia. Ni wapi pengine zilipo? Ukumbi umekufa, VHS zimeota ukungu, DVD hazina pa kuchezwa. Kama mjukuu wangu asingefuata mambo mapya, mimi ningekufa bila kuiona Ngweshe ya 1994. Yeye ajue mambo ya simu. Hiyo ni zamu yake. Zamu yetu ni kusema, na ndiyo tunayoikwepa. Tunapenda kuwasimulia habari za Bruce Lee, ambaye haihitaji Bagira kumkumbuka, na tunanyamaza juu ya vitu ambavyo sisi peke yetu tunavijua.

Lakini vijana nao nina ugomvi nao, na si wa macho. Wanapiga picha kila siku: soko, mvua, kilima kilichoporomoka, arusi. Hakuna kizazi Bukavu kilichopata kujipiga picha namna hii, na wengine wamekwisha kuonyesha kwamba kutoka mji huu inaweza kutoka sinema ya kweli. Filamu ya Dieudo Hamadi juu ya kanali mwanamke wa polisi, Maman Colonelle ya mwaka 2017, inaanzia Bukavu, na kabla yake, mwaka 2015, Thierry Michel kwa filamu yake alikuwa ameupeleka ulimwengu mpaka kwa Daktari Mukwege, hospitali ya Panzi. Mwana wa kwetu, huyu wa video za sekunde 30, anafanya nini? Amepiga picha nzuri ya soko, kisha ameweka muziki juu. Sauti ya wamama wanaopigia kelele samaki wao wa sambaza imefutwa! Hakuna tarehe. Hakuna jina la mtu hata mmoja. Baada ya miaka hamsini mjukuu wake atatazama soko bubu linalocheza wimbo wa Lagos, na atajikuna.

Tena vitu hivyo havikai. Katika wiki zile za Februari 2025, waasi wa M23 walipoingia mjini, nilimwona mjukuu wangu ameketi mlangoni anafuta, anafuta, anafuta. Kila mtu alifanya hivyo kabla ya kutoka nje. Nani anajua atakayeishika simu yako njiani ataona nini ndani yake? Sikumlaumu, ningemsaidia kama ningejua pa kubonyeza. Lakini nilifikiri juu ya yule padre na utepe wake wa plastiki ndani ya kopo la bati, uliokatika ukaungwa kwa gundi, na ambao bado upo kabatini mahali fulani Ubelgiji.

Sasa tunajaribu kitu. Simu ya pili, ya dada wa mjukuu wangu, inawekwa kando na kunasa sauti zetu tunaposemea picha: mimi, mke wangu, na mama mmoja jirani wa upande wa Walungu anayejua ng'ombe kuliko sisi wote na asiyeogopa kunikata maneno. Tumeanza na filamu ya Ngangura. Tukipata zile za mapadre tutaziendea. Kama kuna mtu Leuven au Brussels mwenye ufunguo wa kabati, atume ya dakika kumi tu, tena asihangaike kututafutia iliyo nzuri. Ukumbi wa parokia una ukuta mweupe, na projekta tunaweza kuazima.

Kikwazo cha wiki hii ni nafasi. Simu ya dada imejaa, na kijana amependekeza afute video zake za soko ili sauti zetu ziingie, maana, anasema, zile ni za mchezo tu. Nimemkataza asifute hata moja. Tumekubaliana tutashuka Kadutu Jumamosi kununua kadi kubwa ya kumbukumbu, na kabla ya hapo akae na yule jirani yetu, waziandike moja moja: siku gani, soko gani, na yule mama wa kikapu chekundu anaitwa nani.